Anwani, Kurasa na Njia ya Kurudi: Mwongozo wa Kupanga Subrutini Kwenye Chipu Ndogo

Fundi wa Mtwara anakutana na maikrokontrola kila siku, hata asipoitafuta. Iko ndani ya mita ya LUKU inayopokea tarakimu 20 za umeme kwenye ukuta wa nyumba Chikongola. Iko ndani ya chaja ya sola inayowasha taa za kibanda cha wavuvi Msimbati, na ndani ya mizani ya kidijitali inayopima magunia ya korosho ghalani. Vijana wengi wa ufundi wanaweza kuibadilisha ikiungua. Wachache wanaweza kuiandikia programu, na wachache zaidi wanaweza kueleza kwa nini programu iliyofanya kazi vizuri mezani inaganda baada ya siku mbili kwenye nguzo.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kuingia katika kundi hilo la mwisho. Programu ndefu kwenye chipu ndogo hupotea njia kwa sababu mbili kubwa: ama amri ya kuita subrutini (kipande cha programu kinachoitwa, kikafanya kazi, kisha kurudi kwa aliyekiita) imepewa anwani isiyokamilika, ama mahali pa kurudi pamefutwa kabla ya kurudi. Zote mbili zinazuilika kwa kalamu na karatasi, kabla hujashika koleo. Na kwetu lazima zizuiliwe mapema, kwa sababu kifaa kilichofungwa kwenye mikoko ya mlango wa Ruvuma hakirudi mezani kirahisi. Barabara ya mchanga na mvua za masika haziruhusu fundi kwenda kukizima na kukiwasha kila kinapokwama.

Kazi tutakayoifuata

Ili tusizungumze hewani, tuchukue kazi moja: kifaa cha kuonyesha kimo cha maji ya bahari. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wanaokwenda mwambani kutafuta pweza, wakulima wa mwani, wenye mashua zinazokaa matopeni Mikindani, na wasafiri wanaotaka kuvuka Ruvuma pale Kilambo, wote hupanga saa zao kwa maji.

Kifaa chetu kina sensa ya mwangwi isiyoingia maji, iliyofungwa juu ya nguzo ikitazama chini. Kina tarakimu kubwa za taa zinazosomeka kutoka mashuani, skrini ndogo ya herufi ndani ya boksi kwa ajili ya fundi, chipu ya saa, na kengele. Ubongo wake ni PIC16F877A, chipu ya miguu 40 ambayo imekaa sokoni miaka mingi na bado mafundi wanaitumia. Tukiielewa hiyo, nyingine zitafuata kwa urahisi.

Jambo moja kabla ya nguzo: eneo kubwa la pwani kati ya Msimbati na mto liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Omba ruhusa ya hifadhi na ya serikali ya kijiji kwanza.

Hatua ya 1: Chora ramani ya kumbukumbu

Pakua datashiti ya chipu yako ukiwa mahali penye mtandao mzuri, uihifadhi kwenye simu. Tafuta ukurasa wenye mchoro wa kumbukumbu ya programu, kisha uuchore upya kwa mkono wako kwenye daftari. Kuchora kunakulazimisha kuona kila namba.

Kwa PIC16F877A utaandika hivi. Kumbukumbu ya programu ina maneno 8,192, kila neno likiwa na biti 14, na kila neno ni amri moja. Anwani zinaanza 0x0000 na kuishia 0x1FFF. Chipu ikiwashwa huanzia 0x0000. Katizo, yaani tukio linalosimamisha programu kwa muda ili lishughulikiwe, likitokea, chipu huruka kwenda 0x0004. Kumbukumbu hiyo imegawanywa katika kurasa 4, kila moja ya maneno 2,048:

- Ukurasa 0: 0x0000 hadi 0x07FF
- Ukurasa 1: 0x0800 hadi 0x0FFF
- Ukurasa 2: 0x1000 hadi 0x17FF
- Ukurasa 3: 0x1800 hadi 0x1FFF

Kumbukumbu ya data ni kitu kingine kabisa: ni baiti 368 zenye anwani zake zenyewe. Anwani 0x20 ya data na anwani 0x20 ya programu ni sehemu mbili zisizohusiana. Anayeanza huzichanganya sana, kwa hiyo zichore kwenye kurasa mbili tofauti za daftari.

Hatua ya 2: Fahamu CALL inabeba nini

Kaunta ya programu, yaani rejista inayoshika anwani ya amri inayofuata, ina biti 13. Hizo zinatosha kufika neno lolote kati ya 8,192. Lakini amri yenyewe ya CALL ina biti 14 tu kwa jumla. Biti 3 zinatumika kusema "mimi ni CALL", zinabaki 11 za anwani. Biti 11 zinahesabu hadi 2,048, yaani ukurasa mmoja. Biti 2 zinazokosekana chipu huzichukua kutoka rejista iitwayo PCLATH, biti ya 3 na ya 4. Amri ya GOTO hufanya vivyo hivyo.

Tuitazame kwa karibu. Programu kuu iko ukurasa 0, na kwenye anwani 0x0120 kuna CALL ya subrutini PIMA_MAJI. Subrutini hiyo iko 0x0840, yaani ukurasa 1. Asembla, programu inayogeuza amri ulizoandika kuwa namba za chipu, inachukua biti 11 za chini za 0x0840, ambazo ni 0x040, na kuzitia ndani ya amri. Kama PCLATH ni sifuri, chipu inaziunganisha na sifuri hizo na kuruka kwenda 0x0040, ndani ya ukurasa 0. Ni sawa na kumwambia bodaboda akupeleke nyumba namba 64 bila kutaja mtaa: atakupeleka namba 64 ya mtaa alioko. Kilichopo 0x0040 ndicho kitakachotekelezwa, kiwe chochote kile.

Asembla ya MPASM haikatai kosa hili. Inatoa ujumbe namba 306 unaokukumbusha kuweka biti za ukurasa, kisha inatengeneza faili kama kawaida. Wengi huzima ujumbe huo kwa sababu unajirudia mara nyingi. Usiuzime. Pitia kila mstari unaotajwa na ujiridhishe.

Namna salama ya kuita ni hii:

```
        pagesel PIMA_MAJI  ; weka biti za ukurasa wa PIMA_MAJI
        call    PIMA_MAJI
        pagesel $          ; rudisha biti za ukurasa huu
```

Ukiamua kuweka PCLATH mwenyewe kwa MOVLW na MOVWF, kumbuka kwamba MOVLW inafuta kilichokuwa ndani ya W, rejista ya kazi ya chipu. Kama ulikuwa unapeleka namba kwa subrutini kupitia W, imepotea. Iweke kwanza kwenye kigeu, au tumia BSF na BCF zinazogusa biti za PCLATH bila kuigusa W.

Hatua ya 3: Usisahau PCLATH baada ya kurudi

Hapa ndipo kosa linapojificha vizuri zaidi. CALL inapotekelezwa, anwani ya amri inayofuata, 0x0121 katika mfano wetu, inahifadhiwa ikiwa na biti zake zote 13. RETURN inairudisha nzima, kwa hiyo programu inarudi mahali sahihi hata kama subrutini ilikuwa ukurasa mwingine. Fundi anaona imerudi salama na kudhani kazi imekwisha.

Lakini PCLATH haikurudi. Bado ina 0x08, biti za ukurasa 1. Amri chache mbele kuna GOTO MZUNGUKO, na MZUNGUKO iko 0x0018. Chipu inaunganisha 0x018 na biti za ukurasa 1 na kuruka kwenda 0x0818. Kosa limetokea mbali na mahali lilipozaliwa, ndiyo maana mtu anaweza kukesha akikagua PIMA_MAJI wakati PIMA_MAJI haina tatizo. Mstari wa tatu katika mfano wa juu, ule wa `pagesel $`, ndio dawa yake.

Njia bora ya kupunguza usumbufu huu ni mpangilio. Weka pamoja subrutini zinazoitana. Kwa kifaa chetu, programu kuu, katizo na subrutini fupi zinazoitwa mara kwa mara zikae ukurasa 0. Sensa na saa zikae ukurasa 1. Kazi zote za skrini na tarakimu zikae ukurasa 2. Ujumbe wa maandishi ukae ukurasa 3. Hapo kuvuka mpaka kunabaki sehemu chache unazoweza kuzihesabu.

Hatua ya 4: Hesabu kina cha steki

Mashine ya EDSAC ya Cambridge, Uingereza, ilipoanza kazi Mei 1949 haikuwa na amri ya kukumbuka mahali pa kurudi. David Wheeler alibuni mbinu ambayo subrutini yenyewe ilijijengea mwishoni amri ya kurukia kwa aliyeiita. Chipu zetu hazihitaji ujanja huo kwa sababu zina steki: nafasi maalumu zinazopokea anwani za kurudi, ya mwisho kuingia ikiwa ya kwanza kutoka. Ila nafasi hizo zina idadi. PIC16F877A ina 8. Programu haiwezi kuzisoma, na hakuna biti inayokuambia zimejaa.

Chukua daftari uandike mnyororo mrefu kuliko yote wa kuitana, ukihesabu kila CALL:

1. Programu kuu inaita RIPOTI
2. RIPOTI inaita ANDIKA_NAMBA
3. ANDIKA_NAMBA inaita ANDIKA_HERUFI
4. ANDIKA_HERUFI inaita TUMA_NUSU, kwa kuwa skrini inapokea baiti kwa nusu mbili
5. TUMA_NUSU inaita SUBIRI

Nafasi 5 zimetumika. Sasa jumlisha katizo, ukichukulia kwamba litatokea wakati mbaya kuliko wote, yaani programu ikiwa ndani ya SUBIRI:

6. Katizo lenyewe linahifadhi anwani ya kurudi
7. Katizo linaita HESABU_SEKUNDE
8. HESABU_SEKUNDE inaita PIGA_KENGELE

Nafasi 8 zimejaa, na bado ni salama. Lakini tuseme umeamua kengele ilie kwa muda kidogo, ukaifanya PIGA_KENGELE iite SUBIRI. Hiyo ni ya 9. Steki ya chipu hii ni ya mzunguko, kwa hiyo anwani ya 9 inaandikwa juu ya ile ya 1. Marejeo 8 ya kwanza yatakwenda sawasawa, na skrini itaonyesha ilichotakiwa. Rejeo la 9, lile la RIPOTI kurudi kwa programu kuu, litakuta anwani ya ndani ya PIGA_KENGELE. Programu inaanza kutekeleza kengele bila katizo, kisha inakutana na RETURN nyingine isiyo na mwenyewe.

Angalia lini jambo hili linatokea: pale tu kengele inapotakiwa kulia katika sehemu ya sekunde ambayo skrini inaandikwa. Mezani unaweza kukaa mchana kutwa usilione. Kwenye nguzo, baada ya siku mbili, litakuja. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu. Kujaribu peke yake hakutoshi kuthibitisha kina cha steki.

Mfano huo una kosa la pili. SUBIRI iliyokatizwa katikati ilikuwa inatumia kigeu cha kuhesabu. Katizo likiiita SUBIRI hiyohiyo, kigeu kinaharibiwa. Kanuni yangu ni moja: subrutini inayotumiwa na programu kuu isiitwe na katizo. Katizo liweke alama tu kwenye kigeu kwamba sekunde imepita au kengele inatakiwa, na programu kuu ifanye kazi hiyo kwa nafasi yake. Ukifuata hivyo, katizo linatumia nafasi moja ya steki badala ya nne.

Kumbuka pia gharama ya vituo vya kati. Wapo wanaoweka ukurasa 0 subrutini fupi ambayo kazi yake ni kupanga PCLATH, kuita subrutini ya ukurasa mwingine, kisha kurudisha PCLATH. Ni mbinu nzuri na inasafisha programu, lakini kila kituo kinakula nafasi moja ya steki. Kiingize kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Linda katizo

Katizo linaweza kuingia wakati wowote, hata PCLATH ikiwa imeelekezwa ukurasa 2. Chipu inaruka yenyewe kwenda 0x0004, ila PCLATH inabaki ilivyokuwa. GOTO ya kwanza ndani ya katizo itakwenda ukurasa 2. Kwa hiyo hifadhi W, STATUS na PCLATH mwanzoni, safisha PCLATH, kisha uvirudishe vyote mwishoni:

```
        org     0x0004
        movwf   W_AKIBA
        swapf   STATUS, w
        clrf    STATUS
        movwf   ST_AKIBA
        movf    PCLATH, w
        movwf   PCL_AKIBA
        clrf    PCLATH
        ; kazi fupi ya katizo hapa
        movf    PCL_AKIBA, w
        movwf   PCLATH
        swapf   ST_AKIBA, w
        movwf   STATUS
        swapf   W_AKIBA, f
        swapf   W_AKIBA, w
        retfie
```

Weka W_AKIBA kati ya anwani za data 0x70 na 0x7F. Sehemu hiyo inaonekana kutoka benki zote, yaani vipande ambavyo kumbukumbu ya data imegawanywa, nawe hujui programu ilikuwa benki gani ilipokatizwa. SWAPF inatumika badala ya MOVF kwa sababu haigusi biti za STATUS.

Hatua ya 6: Pima majedwali yako

Tarakimu kubwa za taa zinahitaji jedwali: namba 0 inawasha vipande fulani, namba 1 vingine. Kwenye familia hii jedwali huandikwa kama subrutini:

```
JEDWALI:
        addwf   PCL, f
        retlw   0x3F    ; 0
        retlw   0x06    ; 1
        retlw   0x5B    ; 2
        retlw   0x4F    ; 3
        retlw   0x66    ; 4
        retlw   0x6D    ; 5
        retlw   0x7D    ; 6
        retlw   0x07    ; 7
        retlw   0x7F    ; 8
        retlw   0x6F    ; 9
```

Unaweka namba ndani ya W, unaita JEDWALI, na ADDWF inasogeza kaunta ya programu mbele kwa hatua hizo. PCL ni biti 8 za chini tu za kaunta. Biti 5 za juu zinatoka PCLATH, zote 5 safari hii. Jumla ikizidi 255, ziada haipandi juu.

Tuseme JEDWALI imeangukia 0x03F9. Mstari wa sifuri uko 0x03FA, na wa tano uko 0x03FF. Mstari wa sita uko 0x0400, ila PCL imezunguka na kuwa 0x00, na PCLATH bado inasema 0x03. Chipu inakwenda 0x0300. Matokeo yake: kimo cha sentimita 150 kitaonekana vizuri, ila kimo chenye tarakimu ya 6 au zaidi, kama 160, kinagandisha kifaa. Ukikijaribu kifaa hicho mezani kwa ndoo yenye maji ya sentimita 40, kinapita mtihani.

Dawa ni kulipangia jedwali mahali pake kwa ORG, kwa mfano 0x0300, ili lisivuke mpaka wa maneno 256. Kisha liite kwa utaratibu:

```
        movwf   NAMBA
        movlw   HIGH JEDWALI
        movwf   PCLATH
        movf    NAMBA, w
        call    JEDWALI
        pagesel $
```

Na kabla ya kuita, hakikisha namba haizidi 9. Sensa ikipigwa na wimbi inaweza kutoa usomaji wa ajabu, na namba 13 itakupeleka nje ya jedwali.

Chipu nyingine utakazokutana nazo

Chipu ndogo zaidi za ukoo huu, kama PIC10F200 yenye maneno 256 na PIC12F508 yenye maneno 512, zina nafasi 2 tu za steki. CALL yao inabeba biti 8 za anwani, kwa hiyo kila subrutini lazima ianzie ndani ya maneno 256 ya mwanzo ya ukurasa. Desturi nzuri ni kuweka hapo GOTO fupi zinazoelekeza kwenye mwili wa subrutini uliko. Hazina katizo, na hilo linarahisisha hesabu. PIC16F1 mpya zina nafasi 16, zinahifadhi rejista zenyewe wakati wa katizo, na zinaweza kujiwasha upya steki ikifurika. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua hizo.

Bodi ya Arduino Uno ina ATmega328P, ya familia ya AVR iliyoanzia kwa wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Ina baiti 32,768 za programu, lakini kaunta inahesabu maneno ya biti 16, kwa hiyo ni maneno 16,384. RCALL inafika takribani maneno 2,048 mbele au nyuma. CALL inafika kote ila inachukua maneno mawili. Mtego wake uko kwenye kusoma majedwali: amri ya LPM inataka anwani ya baiti, kwa hiyo lebo ya asembla izidishe mara 2. Steki yake iko ndani ya RAM ya baiti 2,048 pamoja na vigeu vyako, ikishuka kutoka juu. Haina kikomo cha 8, ila ikikutana na vigeu inaviharibu kimyakimya. Maandishi marefu unayotuma kwenye skrini hukaa RAM usipoyafunga kwa F(). Yafunge.

Ukoo wa 8051, uliotolewa na Intel mwaka 1980, bado unapatikana kwenye bodi nyingi za Kichina kama STC89C52. ACALL inabeba biti 11 na haivuki kipande chake cha baiti 2,048. LCALL inabeba 16 na inafika kote. Steki huanzia 07h na kupanda, maana yake CALL ya kwanza inaandika 08h, ambako ni rejista za benki ya 1. Ukitumia benki hiyo, weka SP, yaani kielekezi cha steki, kuwa 2Fh mwanzoni mwa programu.

Ukiandika kwa lugha ya C, kompaila itapanga kurasa kwa niaba yako. Haitakuongezea nafasi za steki. Soma faili ya ramani inayotolewa na kompaila, na kwenye PIC ndogo usiandike fanksheni inayojiita yenyewe.

Programu ikipotea licha ya yote

Umeme wa sola ukiyumba au radi ikipiga karibu, hata programu sahihi inaweza kuruka pasipotakiwa. Kumbukumbu isiyoandikwa ya PIC husomeka 0x3FFF, ambayo chipu huichukulia kama amri ya kawaida ya kujumlisha. Programu iliyoangukia huko huteleza hadi 0x1FFF, kisha inazunguka kurudi 0x0000 na kuanza upya huku rejista zikiwa na takataka za zamani. Kwa hiyo usitegemee hali ya mwanzo ya rejista yoyote: ipange kila moja mwenyewe kwenye mstari wa kwanza wa programu.

Washa pia kipimamuda cha ulinzi, kinachoandikwa WDT kwenye datashiti; huiwasha chipu upya kisipofutwa kwa wakati kwa amri ya CLRWDT. Kwenye PIC16F877A kinachukua takribani milisekunde 18, na kinaweza kurefushwa hadi karibu sekunde 2.3. Weka CLRWDT mahali pamoja tu, ndani ya mzunguko mkuu. Ukiiweka ndani ya katizo, programu kuu inaweza kufa na katizo likaendelea kumdanganya mlinzi kwamba yote ni mazima.

Ukaguzi kabla ya kupanda nguzo

- Kila CALL na GOTO inayovuka ukurasa ina pagesel kabla yake, na kila CALL hiyo ina `pagesel $` baada yake.
- Mnyororo mrefu wa programu kuu ukijumlishwa na wa katizo hauzidi nafasi za steki. Bakiza angalau moja.
- Hakuna subrutini inayoshirikiwa na programu kuu na katizo.
- Kila jedwali liko ndani ya kipande kimoja cha maneno 256, na namba inayoingia imewekewa mpaka.
- Umepitisha kila tarakimu kutoka 0 hadi 9 kwenye onyesho, na kila urefu unaotarajiwa kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua.
- Umepitia programu ndani ya simuleta ya MPLAB X, ambayo ni ya bure, ukitazama kaunta ya programu na steki amri kwa amri kila unapovuka ukurasa.
- Boksi limezibwa dhidi ya chumvi.

Mwisho, chapisha ramani ya kumbukumbu na hesabu yako ya steki kwenye karatasi moja, ifunge ndani ya plastiki, uiweke ndani ya boksi. Siku moja kijana mwingine wa VETA atakifungua kifaa hicho akitaka kukiongezea kazi, na bila karatasi hiyo ataongeza CALL ya tisa asijue. Mwachie hesabu. Ufundi wa Mtwara utakua kwa mafundi wanaoandikiana.